Vidonge vya St John's wort na kipandikizi mkononi

SWALI: Habari yako daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nauza mitumba Kibuye hapa Kisumu. Tangu tumzike mama mwaka jana moyo wangu haujatulia. Naamka saa tisa usiku na usingizi unakataa kurudi, chakula sina hamu nacho, na wateja wakinisemesha naona ni kelele tu. Binamu yangu aliye Marekani alinitumia chupa ya vidonge vya St John's wort, akasema huko watu hununua supamaketi bila cheti cha daktari kwa sababu ni mitishamba tu. Nimemeza wiki tatu sasa, asubuhi, mchana na jioni, na kusema kweli nimeanza kulala kidogo. Kuna kitu kingine sijui kama kinahusika: nina kipandikizi cha kupanga uzazi mkononi tangu mwaka juzi, nilikuwa sioni damu kabisa, lakini wiki hii natokwa na matone. Nafikiri ni stresi. Je, niendelee na hivi vidonge? Na vikiisha, nitapata wapi vizuri hapa kwetu?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kufiwa na mama. Nitarudi kwenye huzuni yako, lakini niruhusu nianze na lile ulilolitaja kwa kupita, kwa kuwa ndilo la haraka. Hayo matone siyapuuzi. Kipandikizi chenyewe kinaweza kumvuruga mtu hedhi, hilo ni kweli, na wengi huona matone miezi ya mwanzo. Lakini mtu aliyekaa zaidi ya mwaka bila kuona damu, kisha akaanza kuona wiki tatu baada ya kuanza St John's wort, hapo mfamasia yeyote aliye macho ananyanyua kichwa. Kutokwa na damu bila mpango ni mojawapo ya dalili zinazojulikana kwamba mmea huu umeanza kupunguza homoni ya uzazi wa mpango mwilini.

Kwa hiyo, kabla hatujafika mbali: kuanzia leo usiku tumieni kondomu, na muendelee nazo hadi zipite wiki nne tangu siku utakapomeza kidonge cha mwisho. Pima mimba sasa, kisha urudie wiki tatu baada ya mara ya mwisho mliyokutana bila kondomu, maana kipimo cha mapema kinaweza kusema hakuna wakati ipo. Kama mlikutana bila kinga ndani ya siku tano zilizopita, usikimbilie P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ukadhani umemaliza kazi. P2 nayo hupunguzwa nguvu na vidonge hivi. Nenda kliniki ya kupanga uzazi, waeleze, uulize kuhusu koili ya shaba, ambayo haina homoni na haijali umemeza nini. Na ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, pamoja na hiyo damu au kizunguzungu, usingoje kesho. Mimba ikishika mtu akiwa na kipandikizi, uwezekano wa kutunga nje ya mji wa mimba huwa mkubwa kuliko kawaida, na hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye chupa.

Mmea huo kwa jina la kisayansi ni Hypericum perforatum. Asili yake ni Ulaya, magharibi ya Asia na kaskazini mwa Afrika, una maua ya manjano yanayochanua karibu na sikukuu ya Yohana Mbatizaji, tarehe 24 Juni, na ndiko jina lake lilikotoka. Binamu yako hakukudanganya aliposema ni mitishamba na kwamba Marekani unauzwa rafuni pamoja na vitamini. Alichokosea ni lile neno "tu". Watu huja kaunta wakiniuliza, "Hii ni ya asili, si haina madhara?" Mimi huwajibu kwa swali: kwinini iliyotibu malaria kwa karne nyingi ilitoka wapi kama si kwenye gamba la mti? Mmea ukiwa na nguvu ya kutibu, una nguvu ya kudhuru, na huu wa kwako nguvu unayo. Ungekuwa unga wa bure nisingejisumbua kukuandikia marefu hivi.

Nguvu hiyo inafanya kazi pande mbili. Upande wa ubongo, viambata vyake, hasa kile kiitwacho hyperforin, huzuia kemikali kama serotonini zisifyonzwe haraka, karibu na zifanyavyo dawa za hospitali za sonona, yaani dipresheni. Upande wa pili ni ini, na huku ndiko kwenye balaa. Hyperforin huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunjavunja dawa. Ni kama mwenye shamba la miwa kule Muhoroni akiongeza vibarua: miwa iliyokuwa ikikatwa kwa siku nne inaisha kwa mbili. Dawa uliyopimiwa ikae mwilini kutwa nzima inatolewa kabla ya wakati wake, na wewe huhisi chochote. Hakuna kichefuchefu, hakuna kichwa kuuma. Unagundua tu siku mimba imeingia, au virusi vimepanda, au malaria imerudi. Hali hii huchukua kama wiki mbili kujengeka, na ukiacha vidonge huchukua tena kama wiki mbili kutulia. Ndiyo maana hukuona matone wiki ya kwanza.

Mambo haya yalianza kujulikana wazi mwaka 2000. Huko Marekani watu wenye afya walipewa indinavir, dawa ya zamani ya HIV, wakaongezewa St John's wort, na kiasi cha dawa katika damu kikashuka kwa asilimia 57. Mwaka huohuo madaktari wa Zurich, Uswisi, waliripoti wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuukataa moyo mpya baada ya wao kumeza mmea huu. Dawa ya kuulinda moyo huo ilikuwa imeshuka kwenye damu. Ireland ikauondoa kwenye mauzo huria, ukawa wa cheti cha daktari. Kuhusu vipandikizi, mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo mahsusi mwaka 2014 baada ya kupokea taarifa za wanawake waliopata mimba ambayo hawakuipanga.

Na usidhani haya ni ya Wazungu. Magharibi mwa Kenya tumewahi kuona ini likifanya jambo hilohilo, ila mchokozi alikuwa mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia rekodi za wanawake zaidi ya 24,000 wanaoishi na HIV katika vituo vya upande huu wa nchi. Waliokuwa na kipandikizi huku wakimeza efavirenz, dawa ya HIV ambayo nayo huliamsha ini, walipata mimba kwa kiwango cha kama mara tatu ya wenye kipandikizi waliokuwa wakimeza nevirapine, dawa nyingine ya HIV. Kipandikizi bado kilizuia mimba kwa wengi wao, nisikutie hofu kupita kiasi. Lakini pengo lilikuwepo, na wahudumu wa kupanga uzazi wa Nyanza wamelijua tangu wakati huo.

Kuna jambo ambalo maandishi ya kwenye chupa hayatakuambia, kwa sababu chupa iliandikiwa mtu wa huko na wewe unaishi kando ya ziwa. Dawa yetu ya kwanza ya malaria ni AL, ile wengi huiita Coartem. Viambato vyake vyote viwili, artemether na lumefantrine, huvunjwa na kimeng'enya kilekile ambacho St John's wort hukizidisha. Watengenezaji wenyewe wameiandika St John's wort kwenye orodha ya vitu visivyotumiwa pamoja na Coartem. Fikiria mtu wa Texas: hana haja ya kulijua hilo, pengine hatameza AL maisha yake yote. Wewe mvua zikinyesha Aprili unaweza kuihitaji ghafla, na siku ya homa hakuna mtu atakayekuuliza kuhusu kopo la mitishamba lililo chumbani. Ukipimwa ukaonekana na malaria wiki hizi, USIKATAE matibabu. Malaria isiyotibiwa ni mbaya kuliko yote ninayoyasema hapa. Mwambie tu anayekutibu ulikuwa ukimeza nini na ni lini uliacha, naye atachagua dawa na kukupa siku ya kurudi kupimwa tena. Homa ikibaki siku ya tatu, rudi bila kungoja siku uliyopewa.

Hukusema lolote kuhusu ARV wala sikuulizi hapa. Nasema kwa wote wanaosoma: TLD, kidonge kimoja cha siku wanachomeza wengi nchini, kina dolutegravir ndani yake, na St John's wort huishusha. Usichanganye. Vivyo hivyo kwa aliye na warfarin ya kuzuia damu isigande, digoxin ya moyo, baadhi ya dawa za kifafa, au dawa za kulinda figo iliyopandikizwa. Mjamzito na anayenyonyesha, aiache. Aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, halali usiku kadhaa, anatumia hela ovyo na kusema bila kituo, aiache pia, kwani inaweza kumrudisha huko kwa kishindo.

Halafu kuna hatari ya upande wa ubongo. Ukichanganya mmea huu na dawa zinazopandisha serotonini kama fluoxetine, sertraline, amitriptyline au tramadol ya maumivu, hata baadhi ya dawa za kikohozi zenye dextromethorphan, serotonini inaweza kuzidi mwilini. Mtu anatokwa jasho, anatetemeka, moyo unaenda mbio, tumbo linaendesha, joto linapanda, anakuwa hatulii. Soma tena orodha hiyo ukiwa Kondele, uniambie jirani atasema ni nini. Atasema malaria, na atakupeleka kununua dawa ya malaria. Ndiyo maana nasisitiza kila unachomeza kitajwe mbele ya anayekutibu, hata kama unaona haya.

Je, vinafanya kazi? Swali la haki, na jibu langu si la kukwepa: kwa sonona nyepesi na ya wastani, ushahidi upo. Mwaka 2008 shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489. Kwa jumla dondoo la mmea huu lilishinda kidonge kisicho na dawa, likakaribiana na dawa za hospitali, na walioacha kulimeza kwa sababu ya madhara walikuwa wachache. Ila majaribio ya nchi zinazosema Kijerumani yalitoa matokeo matamu kuliko ya kwingine, jambo lililowafanya watafiti wakune vichwa. Miaka sita kabla, mwaka 2002, jaribio kubwa la Marekani la wagonjwa 340 halikuona mmea ukikishinda wazi kidonge kisicho na dawa. Sertraline iliyowekwa kando yake kwa ulinganisho nayo haikushinda kwa vipimo vikuu. Kwa hiyo kulala kwako kidogo wiki hii kunaweza kuwa kazi ya vidonge, mara nyingi huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya sita. Kunaweza pia kuwa ni muda, au ni ile tu kujua kwamba kuna mtu ng'ambo ya bahari aliyekuona unaumia akatuma kitu. Sitakuambia hukupata nafuu. Ninachosema ni kwamba nafuu hiyo unaweza kuipata kwa njia isiyogusa kipandikizi chako wala dawa ya malaria.

Uliuliza utapata wapi vizuri. Kwa hali yako, jibu langu ni usitafute. Lakini kwa kuwa wengine wataitafuta hata nikinyamaza, wacha nieleze chupa inavyosomwa. Chukua ya kwako uigeuze nyuma. Kama imeandikwa "extract" na kando yake "0.3% hypericin", kiambata kingine cha mmea huu, hilo ni dondoo lililopimwa, na dozi iliyotumika kwenye majaribio mengi ni miligramu 300 mara tatu kwa siku. Kama imeandikwa "herb" au "powder" peke yake, hayo ni majani na maua yaliyosagwa, na miligramu 300 za unga si sawa hata kidogo na miligramu 300 za dondoo. Chupa mbili zenye picha ya ua lilelile zinaweza kuwa mbingu na ardhi. Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 1994, mtengenezaji wa virutubisho halazimiki kuthibitisha kwamba bidhaa inatibu kabla ya kuiuza. Wachache hujipeleka wenyewe kupimwa, na hao utawaona na alama ya USP, shirika la Marekani la viwango vya dawa. Ujerumani mmea huohuo husajiliwa kama dawa na huuzwa duka la dawa kwa jina la Johanniskraut, ndiyo maana vya huko huaminika zaidi. Zipo hata aina zilizopunguzwa hyperforin, ambazo haziliamshi ini sana. Lakini kopo la supamaketi halikuambii limebeba hyperforin kiasi gani, kwa hiyo lichukulie kwamba imo.

Hapa nyumbani, dawa na mitishamba iliyofungashwa inapaswa kupitia Bodi ya Dawa na Sumu. Yule kijana wa kipaza sauti pale stendi, mwenye chupa ya maji meusi inayotibu presha, sukari, nguvu za kiume na "mawazo" kwa mpigo mmoja, sina ugomvi na riziki yake. Ila kitu kisicho na orodha ya viambato, kisicho na jina la mtengenezaji wala tarehe ya kuisha, mimi sijui nikuambie kinagongana na nini. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa duniani kote zikiwa zimechanganywa kisirisiri na steroidi au dawa nyingine za hospitali ili mteja aone mabadiliko haraka. Wataalamu wetu wa miti shamba wanaokujua kwa jina na kukuonyesha jani ni habari nyingine, lakini hata wao wana haki ya kujua una kipandikizi. Na kama kuna atakayekuambia mmea huu unaota Mlima Elgon, anaongea nusu ya kweli: kule juu kuna ndugu yake, Hypericum revolutum, kichaka chenye maua ya manjano hivyohivyo. Majaribio ninayoyataja hayakufanywa kwa huyo ndugu. Usichume.

Turudi kwako. Kufiwa na mama kunaliza, na hakuna kalenda ya kilio. Lakini usingizi unaokatika saa tisa kila usiku, hamu ya chakula kupotea, na watu kugeuka kelele kwa miezi mingi, hayo si matanga tena, yanafanana na sonona, dipresheni kama wengi tusemavyo. Nasema yanafanana kwa sababu sijakuona. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, uonane na afisa wa kliniki au muuguzi, umwombe akufanyie PHQ-9. Ni fomu fupi ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama zake ni kati ya 0 na 27, na kuanzia 10 kwenda juu ndipo mara nyingi matibabu hujadiliwa kwa uzito. Waombe wapime na damu pia. Upungufu wa damu huchosha mtu akadhani ni mawazo, tezi ya shingo ikilegea inafanya hivyohivyo, na virusi ambavyo mtu hajui anavyo navyo vinaweza kuja na sura hiyo. Ikibidi watakuandikia barua uende hospitali ya Jaramogi, pale tunapopaita Russia.

Swali la tisa la fomu hiyo linauliza kama umewahi kuwaza kwamba afadhali ufe au ujidhuru. Lijibu kwa ukweli. Wengi wameficha kwa kuogopa polisi, na kwa miaka mingi hofu yao ilikuwa na msingi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kumwambia muuguzi unachowaza hakukupeleki selo. Mawazo hayo yakija usiku, piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure. Na kama nyumbani kuna dawa ya kunyunyizia mboga au ya panya, mpe jirani au shemeji akae nayo kwa sasa, bila kumweleza marefu.

Matibabu yenyewe hayatishi kama watu wanavyosimulia. Kuna ya mazungumzo. Moja inayofaa sana kwa msiba ni ile iitwayo IPT, ambapo mnazungumza kwa wiki kadhaa kuhusu mtu uliyempoteza na mahusiano yaliyobadilika baada yake. Hapa Kisumu umefanyika utafiti mkubwa ulioweka IPT kando ya fluoxetine, zote zikitolewa na wahudumu wa kawaida, si mabingwa wa magonjwa ya akili, kwa hiyo usidhani ni mambo ya Nairobi. Fluoxetine yenyewe ni dawa ya zamani na si ghali. Haipunguzi nguvu ya kipandikizi, na hiyo peke yake inaiweka mbele ya chupa yako. Ina visa vyake: wiki ya kwanza inaweza kukupa kichefuchefu au kukufanya usitulie, hamu ya tendo la ndoa hupungua kwa wengine, na inachukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona tofauti. Usimeze ya jirani. Na usiiache ghafla siku utakapojisikia vizuri. Wengi huendelea nayo miezi sita au zaidi baada ya kupona.

Najua pia utaniuliza kuhusu vingine vinavyouzwa kwa jina la kutuliza moyo. Mafuta ya samaki hayana ubaya mkubwa, na omena wako wa jioni anakupa kitu kilekile kwa bei nafuu. Ashwagandha imekuwa mtindo sasa. Kuna taarifa za ini kuumia kwa baadhi ya watumiaji, na inachezea tezi ya shingo, kwa hiyo sitakupa. Kutembea kwa miguu nusu saa alfajiri, kutoka nyumbani hadi Kibuye kama umbali unaruhusu, kuna ushahidi mzuri kuliko makopo mengi niliyo nayo rafuni, na nasema hivyo nikiwa muuzaji.

Namna ya kuacha: vidonge hivi havina uraibu, lakini baadhi ya watu wakikata ghafla huona kizunguzungu, hasira za bure na usingizi kuruka. Umekaa navyo wiki tatu tu, kwa hiyo unaweza kumeza viwili kwa siku kwa siku tatu, kisha kimoja kwa siku tatu nyingine, basi. Kama kipimo cha mimba kitatoka ndiyo, acha mara moja, uende kliniki.

Andika tarehe ya kidonge cha mwisho kwenye simu yako. Utaihitaji mara mbili. Mhudumu wa kupanga uzazi ataitumia kuhesabu zile wiki nne za kondomu na kukuambia kama kipandikizi kinabaki au, kwa vile unapitia haya, mnahamia sindano ya miezi mitatu au koili, ambazo haziguswi na jambo hili. Afisa wa kliniki naye, akiamua kukuanzishia fluoxetine, atasubiri kama wiki mbili baada ya tarehe hiyo ndipo akuandikie kidonge cha kwanza. Nenda na chupa yenyewe mkobani, akaisome kwa macho yake.